Kwa Kabedi, Anayekwenda Kutandika Mikeka Sandoa

Kabedi, mama yangu,

Ni mchana, jua bado liko juu ya paa la jirani, nawe umekaa chini ya dirisha langu, Mama Jeannette anakusuka nywele za safari. Nasikia anakuambia uinamishe kichwa, nasikia nawe unavyobisha. Hamjui kwamba naandika. Mnadhani nimelala, maana tangu kampuni ya zamani ya madini ituachishe kazi, kila nikifunga mlango mchana watu husema Tata Karani amelala.

Nakuita mama kwa sababu ulibeba jina la mama yangu. Jina hilo halijawahi kukupunguzia adhabu wala kuniongezea mimi heshima, lakini ndilo tulilo nalo, na leo nalihitaji, kwa sababu kuna mambo ambayo mtu humwambia mama yake na hawezi kumwambia binti yake.

Kuhusu maji ya kuchemsha, chandarua na namna ya kufunga mzigo kwenye lori la Sandoa sitasema lolote. Wewe ni muuguzi, na mimi mara ya mwisho nilipofunga mzigo kwenye lori unga ulimwagika kutoka Kolwezi hadi Kasaji. Kuna jambo moja ambalo wewe na mimi tunalijua na hatujawahi kulisema. Barua hii ni ya hilo. Nikizunguka sana kabla ya kulifikia, nivumilie. Nilizoea kuandika barua za kampuni, na barua za kampuni hazifiki kwenye jambo mpaka ukurasa wa pili.

Nikuambie pia kwamba kesho unaondoka na sisikii kitu. Nasema mapema ili usisome ukitafuta mahali nilipolia. Ukikalia mguu muda mrefu unakufa ganzi, unaubana, unaupiga, unajua tu kwamba ni wako kwa sababu umeungana nawe. Nimekuwa hivyo miaka kumi. Chai yenye sukari na isiyo na sukari kwangu ni moja. Wewe uliacha kuniuliza nataka vijiko vingapi, na nilikushukuru moyoni kwa hilo.

Unayajua mengi ya haya nitakayoyaandika. Nayaandika hata hivyo, kwa mpangilio, kwa sababu huko Sandoa watakuuliza nyumba yetu ya mikeka ilianzaje, na sitaki uwape ile habari iliyoandikwa kwenye kibao cha wageni.

Nyumba yetu ilianza kwa kilio kilichokataa kuisha. Siku shimo la machimbo lilipoanguka, Ilunga kaka yako alikuwa na miaka kumi na tisa, wewe kumi na miwili. Alikuwa chini pamoja na timu yake na pamoja na mume wa Mama Jeannette. Watu walichimba kwa mikono na majembe siku tatu. Siku ya nne wakubwa wa pale walisema ardhi bado inatembea, hakuna tena wa kutoa, na mashine ikaja ikafukia. Hatukupewa mwili hata mmoja. Na wewe unajua desturi yetu: mtu akifa tunatandika mikeka kwenye lupango lake, uani kwake, tunalala nje na wafiwa, na akishazikwa, siku ikifika, wakubwa wa ukoo wanatosha kilio, yaani wanakiondoa, mikeka inakunjwa, kila mtu anarudi kwake. Bila kaburi nani atakunja mkeka? Padri alisoma misa, mchungaji aliomba, wote wawili walituambia twende nyumbani. Wanaume tukaenda. Wanawake hawakwenda.

Walibaki kwenye lupango la Mama Jeannette, hapa hapa mtaani Dilala, nyuma ya nyumba za kampuni. Wiki moja, mwezi, mvua zikaanza, mtu akaleta turubai. Nawe ulikuwa pale, maana mama yako alikufa ukiwa na miaka minne na aliyekulea alikuwa Ilunga. Yeye alipoondoka, hukuwa na pa kulala ila kati ya wanawake wale. Mimi nilikuwa nyumbani na kalamu yangu.

Halafu walianza kuja watu ambao hawakufiwa na yeyote katika shimo lile. Alikuja mama ambaye mumewe alitoka shimoni mzima, ila tangu siku hiyo anampiga. Alikuja kijana ambaye hakuweza tena kulala ndani ya nyumba mlango ukifungwa. Alikuja mzee aliyekuwa fundi wa kampuni, ambaye watoto wake wote walienda kuchimba na hakuna anayemjibu simu. Hakuna aliyewaita. Waliona mikeka, wakakaa. Mama Jeannette hakumuuliza mtu umefiwa na nani. Alimpa ungo wa maharage achague mawe. Mikono ikiwa na kazi mdomo unapumzika, na mdomo uliopumzika siku moja unafunguka wenyewe. Hayo ni maneno yangu. Yeye hajawahi kueleza, anakupa ungo tu.

Kuhusu maharage hayo, nikuchekeshe kidogo, maana sijakuchekesha siku nyingi. Nilipoanza kuwasaidia kama karani niliona kwamba maharage ya pale hayaishi mawe. Yanachaguliwa asubuhi, mchana yana mawe tena. Nikaamini muuza maharage wa sokoni anatuibia. Nilimwandikia barua ya malalamiko, kwa Kifaransa, yenye mhuri. Yule mama hajui kusoma, akaipeleka kwa paroko asomewe, paroko akaja kutuuliza, na wanawake wote wakaanza kuangalia pembeni. Ni Mama Jeannette aliyekuwa akirudisha mawe. Anayaweka kwenye mfuko wa kitenge, na kazi ikikaribia kuisha anayamwaga tena kimya kimya, ili aliyekaa asilazimike kuinuka. Wote walijua isipokuwa karani. Nenda nayo Sandoa hiyo, mama. Chukua mfuko wa mawe. Ninyi mliosoma mtakuwa na majina mazuri ya mambo haya, lakini mfuko usiusahau.

Watu waliita mahali pale Ku Mikeka. Hakukuwa na mwenye nyumba. Neno la mwisho lilikuwa la yule aliyelala pale, na kama walilala ishirini, basi lilikuwa la ishirini, na walibishana mpaka mboga ya sombe ikaungua jikoni. Mimi jambo hilo lilinikera. Nilikuwa nimefanya kazi miaka ishirini na miwili mahali ambapo kila mlango una jina la mtu. Nikaleta meza, nikaleta kiti, nikaweka mlangoni, nikafungua daftari. Hakuna aliyeniomba, na hakuna aliyenifukuza. Mpaka leo sijawahi kukaa kwenye mkeka hata siku moja. Umeona hilo, najua, wewe huona kila kitu. Watu wakidhani ni magoti, niliwaacha wadhani ni magoti.

Kosa langu la kwanza ni kile kiti. Mtu akikaa kwenye kiti mbele ya watu waliokaa chini, anaanza kuwaona kama orodha.

Kosa la pili lilikuja na wageni. Shirika moja la mbali lilisikia habari zetu, likataka kuja kuona. Nilifurahi kupita kiasi. Niliandika barua ya kuwakaribisha, nikaandika ratiba: makaribisho, maombi, wimbo, na chini yake, kwa mwandiko wangu mzuri, "Ushuhuda: mtoto Kabedi." Nilikuchagua wewe kwa sababu ulikuwa mdogo na ulisema vizuri na ulikuwa binti yangu, sikuhitaji kumwomba mtu ruhusa. Uliifua sare yako ya shule jioni kabla ya siku ile, ukaianika juu ya kiti changu. Tuliazima viti vya plastiki parokiani. Ulisimama ukasema, kaka yangu Ilunga alinibeba mgongoni kwenda shule wakati wa mvua ili viatu vyangu visiingie matope. Ukasema, asubuhi ile aliamka mapema, akanywa chai, akaniomba kitambaa changu cha kichwa ili afute jasho huko chini, nikampa, na kitambaa hakijarudi. Uliposema kitambaa hakijarudi, ulilia, na wageni wakalia, na mfasiri akalia, na Mama Jeannette akakutazama wewe, kisha akanitazama mimi muda mrefu.

Mimi sikulia. Nilikuwa naandika.

Wageni wakaleta mabati. Wakaleta saruji, kuta, kibao kirefu cha Kifaransa ambacho hakuna mtu wa Dilala aliyeweza kukisoma kwa pumzi moja. Nyumba ikakua. Walikuja wengine, na wengine, na kila mara nilikuambia tu, Kabedi, Jumanne kuna wageni, nawe unakwenda kufua sare. Ulisema yale yale kwa maneno yale yale. Kwenye kitambaa ulilia kila mara, mpaka nikaanza kukitegemea kitambaa kile kama msumari unaoshika paa. Wakati huo mikeka ilikuwa imekunjwa ndani ya stoo kwa sababu sakafu ilikuwa mpya na viti vilikuwa vimenunuliwa. Panya walikula mmoja. Watu wa zamani walipungua, yule kijana wa mlango hakuja tena, na mimi sikugundua, kwa sababu daftari langu lilikuwa limejaa majina. Yalikuwa majina ya wageni.

Ulikuwa na miaka kumi na mitano siku uliponyamaza. Ulisimama, sare imekubana mabegani, ukasema, "Kaka yangu Ilunga." Ukakoma. Tulingoja. Feni ilikuwa inazunguka, mgeni mmoja akafungua chupa ya maji na kuifunga tena. Ulikuwa unaangalia sakafu kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Na mimi, baba yako, niliyekaa nyuma yako kwenye kiti changu, niliinama nikakunong'oneza.

"Sema ile ya kitambala."

Uligeuka ukaniangalia. Sijawahi kuangaliwa hivyo na mtu yeyote, hata na wale waliokuja kuniambia kwamba shimo limeanguka. Hukuwa na hasira. Ulionekana kama mtu aliyebeba mzigo wa mwenzake njia nzima, na sasa mwenzake anamwambia ongeza mwendo. Halafu ukakaa chini, kwenye sakafu, mbele ya viti vyote.

Mama Jeannette aliondoka, akaenda stoo, akarudi na mkeka ule ulioliwa pembe. Akautandika pembeni yako, akakaa, akaweka ungo kati yenu. Kisha akawaambia wageni, na akamwambia mfasiri asiongeze wala asipunguze:

"Leo hakuna kusema. Mutoto haiko radio. Kama munataka kubakia, mukae chini, muchague maharagi pamoja na shiye."

Wawili walivua viatu, wakakaa. Mmoja wao, mama mwenye nywele nyeupe, alichagua mpaka jioni na hakuuliza kitu. Wengine walikwenda garini. Hawakurudi tena, na kibao kilianguka wakati wa upepo wa mwezi uliofuata, na watoto wa mtaani walikichukua wakateleza nacho kwenye matope. Nilidhani nyumba imekufa. Nilikukasirikia, Kabedi. Naandika hilo kwa sababu ni kweli. Kwa muda wa kama wiki mbili sikukupa salamu vizuri, mtoto wa miaka kumi na mitano, kwa sababu hukulia.

Lakini mikeka ilitandikwa tena, na watu wakarudi. Kwanza wanawake wa zamani, halafu wale wanaosafisha mawe ya madini mtoni, halafu wachimbaji wenyewe, vijana wakubwa wenye mikono kama mizizi, wakakaa kuchagua maharage wakiona aibu kidogo. Yule kijana wa mlango alirudi, na sasa ndiye anayefungua nyumba asubuhi. Walifanya mkutano, waliolala kwenye mikeka peke yao, mimi nikiwa mlangoni, wakaweka sheria ambayo unaijua kuliko mimi: hakuna anayesimulia kwa kuamriwa, na hakuna anayesimuliwa kwa mdomo wa mwingine. Walisaidiwa na watu tangu hapo, ila aliyetaka kusaidia alikaa chini kwanza. Nyumba ya pili ikafunguliwa kwenye barabara ya Mashamba, kwa sababu wanawake wa kule walichoka kutembea katika vumbi la malori. Nyumba ilikua kweli, mama, baada ya mimi kushindwa kuikuza.

Na wewe ulikua ndani yake. Ulisomea uuguzi, ukarudi, na sijakuona ukilia tena, hata siku ulipopokea diploma na kila msichana alikuwa analia. Hujavaa tena kitambaa cha kichwa. Hata kanisani unakwenda kichwa wazi, na akina mama wanasema wasichana wa siku hizi, na mimi nakaa kwenye benchi na kusikia na kunyamaza. Hivi sasa hapo nje Mama Jeannette anakuuliza utajifunika nini kwenye vumbi la safari. Nasikia unavyomjibu kwamba nywele zitaoshwa.

Sasa nifike kwenye jambo.

Walipokuja wale watatu kutoka Sandoa, wazee wawili na bibi mmoja, na gunia lao la maharage ambayo hayajachaguliwa, wakasema kwamba kwao pia kuna vilio ambavyo havijakunjwa, kwamba wanataka mtu wa kuwaonyesha namna ya kukaa, watu wa mikeka walikutaja wewe. Nilipinga. Unakumbuka, nilisema u mdogo, nilisema barabara ni mbaya, nilisema malaria, nikamaliza maneno yote ya daftari. Mama Jeannette aliniacha niseme mpaka nikaisha. Sikupinga kwa sababu ya barabara. Nilipinga kwa sababu niliwajua wale wazee. Watoto wao walikuwa timu ya Ilunga. Vijana wale wa Sandoa hawakujua Kolwezi, hawakujua mashimo, walimfuata yeye tu. Akishuka wanashuka, akikataa wanakataa. Nilijua kwamba utakaa mkeka mmoja na mama zao, na siku moja, katikati ya maharage, mmoja wao atasema polepole: mwanangu alimfuata kaka yako, na kaka yako, asubuhi ile, aliendaje?

Na wewe ungemwambia habari ya kitambaa, kama ulivyowaambia wote. Ungeukalia uongo wangu mbele ya mama zao.

Niliamua kwamba nitasema kwanza pale Ku Mikeka, Jumamosi, mbele ya watu, nikae chini kama wengine na nimalize. Nilikwenda kwa Mama Jeannette kumwambia nataka mkeka. Sikumweleza kwa nini. Alikuwa anamenya mihogo, hakuinua macho.

"Tata Karani," aliniambia, "ile maneno haiko ya mukeka kwanza. Iko ya mutoto."

Kwa hiyo alijua, na pengine alijua tangu siku ya wageni wa kwanza. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi kilio ndicho kilichonificha, miaka kumi nzima, kwa sababu mtoto mmoja alisimama mbele yangu kila Jumanne na kunifunika.

Asubuhi ile Ilunga hakuamka mapema. Alikuwa amelala, blanketi mpaka kichwani. Wewe ulikuwa hapo uani kwenye mbabula, jiko la makaa, unachemsha maji ya chai, hatua nne kutoka mlangoni, na nguo zako zilikuwa kwenye kamba. Nikamwambia jua limetoka. Akatoa kichwa, akasema:

"Tata, ile shimo iko inamwanga muchanga. Mi leo sishuki."

Alisema taratibu, kama mtu anayesema kuna mvua. Alikuwa anajua mashimo kuliko mimi. Mimi sikuwahi kushuka hata moja. Kazi yangu yote niliwaandika walioshuka. Nilikuwa na miaka mitano sina kazi, nakula kwa mikono ya mwanangu, na jambo hilo lilikuwa limenitia uchungu ambao nilikuwa nauita nidhamu. Nilitoka uani. Nilichukua kitambaa chako kwenye kamba, kile cha maua ya njano, bado kilikuwa na unyevu. Nikarudi, nikamtupia usoni.

"Kama unaogopa, vaa kitambala ya dada yako, ubakie ku mbabula na ye."

Akakitoa usoni. Halafu akacheka, unakumbuka cheko lake lile la puani. Akainuka, akakifunga kichwani kama msichana, akatoka uani akakuzungukia mara mbili akitingisha kiuno ili ucheke, nawe ukacheka. Akanywa chai akiwa amesimama. Akaenda nacho kichwani, mpaka kwenye kona akapunga mkono. Vijana wa Sandoa walikuwa wanamngoja barabarani, na alipofika wakainuka wote.

Hiyo ndiyo asubuhi yenyewe, sijaongeza kitu.

Wewe uliona yote. Nilijua kwamba uliona, na uliposimama mbele ya wageni kwa mara ya kwanza nilikaza kalamu, nikingoja useme. Ukasema alikuomba. Nilipumua. Unisikie vizuri, Kabedi: nilipumua, na nikaandika, na tangu siku hiyo sijasikia kitu. Ganzi yangu haikuanza shimo lilipoanguka. Siku shimo lilipoanguka nilikuwa bado naumia. Ilianza pale mtoto wa miaka kumi na miwili aliposema uongo kwa ajili yangu na mimi nikaupokea. Na nilipokunong'oneza, miaka mitatu baadaye, sikuwa nakukumbusha habari ya kaka yako. Nilikuwa naomba unifunike tena.

Sikuombi unisamehe. Umefanya kazi kwenye mikeka miaka miwili, unajua kwamba anayeomba msamaha haraka mara nyingi anaomba aliyeumia anyamaze. Umenyamaza vya kutosha. Huko Sandoa, mama yule akikuuliza, unaweza kutojibu. Sheria ni yako kama ya mtu mwingine. Lakini ukijibu, usinibebe. Sema baba yangu. Sema jina langu ikibidi. Wakitaka kuniita, nitapanda lori, nitakaa chini mbele yao bila daftari. Na Jumamosi nitakaa kwenye mkeka hapa, kile kiti nimeshampa jirani, asubuhi ya leo, hukuona kwa sababu ulikuwa sokoni.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini kabisa ya sanduku lako, katikati ya mashuka, uikute baada ya siku tano za barabara, mimi nikiwa mbali. Nimeandika mpaka hapa nikiamini hivyo. Sasa naona ni ujanja ule ule wa karani: kutuma jambo kisha kufunga ofisi. Kama una neno la kunipigia kelele, upige leo, ungali hapa. Kama utataka kupanda lori bila kuniaga, itakuwa haki yako, na nitasimama barabarani hata hivyo.

Mama Jeannette amemaliza nywele, nasikia anakung'uta kitenge chake na kuaga. Umebaki peke yako uani. Sasa unaniita kwenye ugali.

"Tata, kuya. Bukari inapola."

Natoka nayo mkononi. Utaniona nikichechemea, sijui kama ni uzee au ni mguu unaoanza kuamka, na ukiamka, wanasema, unauma. Nitakupa kabla sijanawa mikono, kwa sababu nikishakaa kwenye chakula nitatafuta sababu. Ukifungua, usianzie juu. Anzia hapa chini, ndipo penye neno lenyewe, na mengine yote ni karani anazunguka.

Hakukiomba, mama. Nilimtupia mimi.